Ngazi za ghorofa ni za nani?

Tunduma inapanda juu. Ghorofa zenye maduka chini na vyumba vya kupanga juu si jambo geni tena. Kila chumba kina mwenyewe. Je, ngazi nani anazifagia, nani anazipaka rangi?

Tuanzie mbali kidogo. Urusi ya Kisovieti ilijenga maghorofa kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukuta wa ngazi ulipakwa rangi ya mafuta chini na chokaa juu, basi. Vyumba vilikuwa vidogo, kwa hiyo wakazi wakatoa vyungu vya maua na picha, wakapamba ngazi wenyewe. Mahali pasipo na mwenyewe pakapata wenyewe.

Zanzibar nako, baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki ilisaidia kujenga majumba ya Kikwajuni. Yakafuata ya Michenzani. Wengi waliohamia humo walizoea nyumba zenye baraza. Ghorofani hakuna baraza, hivyo maongezi yakahamia chini ya jumba.

Huku bara, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inawapa wamiliki wa sehemu za jengo moja jukumu la kutunza maeneo ya pamoja kupitia chama chao. Lakini kwetu wengi ni wapangaji, na jengo lina mwenye nyumba mmoja. Kwa hiyo tunashauri: kabla hujalipa kodi, muulize taa na usafi wa ngazi ni juu ya nani, kisha yaandikwe kwenye mkataba. Maua yatafuata.