Bistro ya Kifaransa Chicago: Kuuliza Si Ushamba



Wazazi wenzetu, leo tunaomba tuzungumze habari ya chakula cha ugenini. Wengi wetu tuna watoto, wapwa na ndugu huko Ulaya na Marekani, na yaliyotukuta sisi huenda yakawakuta nanyi, au yamekwisha kuwakuta watoto wenu bila nyinyi kujua.

Hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, ukimwambia mtu "twende bistro" ataelewa kuwa unamwita kwenye pombe. Ndivyo neno hilo la Kifaransa linavyotumika Burundi: bistro ni mahali pa bia. Basi mwezi wa Mei 2023 tulikuwa Chicago kwa ajili ya mahafali ya mpwa wetu aliyehitimu uuguzi. Dada yetu alipotuambia kwamba tumealikwa chakula cha jioni kwenye bistro ya Kifaransa, mama watoto alishtuka na sisi tukashtuka. Tukauliza, "Mwalimu wa madrasa akafanye nini bistro?"

Dada akacheka. Akatueleza kuwa bistro ya Marekani si baa. Ni mkahawa mdogo, meza zimebanana, watu wanakula mapishi ya nyumbani ya Kifaransa: supu, nyama iliyochemshwa taratibu, samaki, viazi vya kukaanga. Mwandishi wa mapishi Julia Child, kwa kitabu alichokitoa na wenzake mwaka 1961 na kipindi chake cha televisheni kilichoanza mwaka 1963, aliwazoesha Wamarekani wengi vyakula hivi, na leo mikahawa ya namna hii ni ya kawaida katika miji yao mikubwa.

Waliotualika hawakuwa watu wa mbali. Ni mzee wa Kimarekani na mkewe waliowapokea dada yetu na watoto wake mwaka 2008, walipotoka kambini mkoani Kigoma. Mpwa wetu wakati huo alikuwa na miaka saba. Wazee wale ndio waliowaletea makoti ya baridi, wakawafundisha kupanda basi, wakakaa na watoto jioni kuwasaidia kazi za shule. Hadi leo mpwa wetu anawaita Babu na Bibi. Kukataa mwaliko wa watu kama hao bila ya sababu ni kukosa shukrani, na dini yetu haikutufundisha hivyo. Tukakubali.

Tulikwenda saa kumi na mbili jioni. Nyumbani huo ni wakati wa Magharibi, lakini Chicago mwezi wa Mei jua linazama kiasi cha saa mbili usiku, kwa hiyo tulikuwa na nafasi. Tukaletewa maji ya barafu, kikapu cha mkate na siagi, kisha menyu. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza.

Menyu ilikuwa na majina ya Kifaransa. Mpwa wetu amekulia Marekani, Kifaransa hakijui. Sisi tumekisoma tangu shule ya msingi. Akatuinamia akasema kwa Kiswahili, "Mjomba, agiza hii ya ng'ombe, ni tamu sana. Mimi nimeila mara nyingi." Alikuwa ameweka kidole kwenye boeuf bourguignon.

Ndugu zetu, boeuf ni ng'ombe, hilo ni kweli. Lakini bourguignon maana yake ni ya Bourgogne, na Bourgogne ni jimbo la Ufaransa linalosifika kwa mvinyo. Nyama ile hupikwa kwa saa nyingi ndani ya mvinyo mwekundu, na mara nyingi hutiwa vipande vya nguruwe aliyekaushwa kwa chumvi. Juu yake palikuwa na coq au vin, ambayo jina lake linasema lenyewe: jogoo kwa mvinyo. Kome walikuwepo pia. Kome ni halali katika madhehebu yetu ya Shafi, lakini pale wanachemshwa kwa mvinyo mweupe. Hata supu ya vitunguu wapishi wengi huitia mvinyo.

Tulikuwa tumeogopa gilasi, kumbe pombe iko sufuriani!

Tukamwambia mpwa wetu polepole kwamba lazima tumuulize mhudumu. Uso wake ukabadilika. Akasema, "Mjomba, tafadhali usiulize. Tutaonekana washamba. Na Babu na Bibi watajisikia vibaya." Maneno hayo yalituchoma. Kijana huyu hakuwa mkaidi. Anaswali, anafunga. Aliona aibu tu.

Tukauliza. Tulitumia Kifaransa na Kiingereza chetu kidogo, tukasema kwamba sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe wala kitu kilichopikwa kwa pombe, je kuna nini tunachoweza kula? Mhudumu hakushangaa hata kidogo. Akasema atakwenda kumuuliza mpishi. Na Bibi yule akasema kwamba yeye mwenyewe njugu na lozi zinamdhuru, kila akiingia mkahawani swali lake la kwanza ni hilo. Mzee akaisukuma pembeni orodha ya mvinyo, akasema kwa leo maji yanatosha.

Kisha Bibi akamgeukia mpwa wetu. Akamuuliza kama hata kitoweo chake cha nyumbani, anachokipika kila sikukuu yao na kukitia mvinyo, alikuwa hakitakiwi kula. Kijana akainamisha kichwa. Alisema hakujua kama kina mvinyo. Bibi akasema, "Miaka kumi na tano tunakulisha. Kwa nini hukuwahi kutuambia?"

Angalieni hapo, wazazi. Swali letu halikumuumiza yule mama. Kilichomuumiza ni kule kunyamaza kwa miaka kumi na tano. Alimpenda mtoto huyu, akamlisha alichodhani ni kizuri, na hakuna aliyemwambia. Sisi tunadhani tukinyamaza tunalinda heshima ya wenyeji wetu, kumbe tunawanyima nafasi ya kutuheshimu.

Na kosa si la kijana. Tunasema wazi kwamba kosa ni letu. Kwa miaka kadhaa tulimsomesha kwa simu kila Jumamosi. Alihifadhi juzuu Amma, akajua nguzo za udhu na sharti za Swala. Tulimfundisha kwamba nguruwe ni haramu na pombe ni haramu, naye akajibu vizuri kama kasuku. Hatukumfundisha kwamba pombe inaweza kuwa ndani ya mchuzi. Hatukumfundisha namna ya kufungua kinywa mbele ya mhudumu na kuuliza kwa adabu. Tulimpa orodha ya haramu, tukamwacha na aibu yake.

Wapo watakaosema kwamba pombe ikipikwa inakwisha yote. Si kweli. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la jambo hili. Chakula kilichochanganywa na pombe na kuchemshwa dakika 15 hubakiwa na kiasi cha asilimia 40 ya pombe yake. Kikichemshwa saa 1 hubaki asilimia 25, na baada ya saa 2 na nusu hubaki asilimia 5. Kile kinachowashwa moto mezani watu wakapiga makofi hubakiwa na asilimia 75. Asilimia 5 si sifuri, na kwa Mwislamu kutia mvinyo sufuriani kwenyewe tayari ni tatizo.

Wapo watakaosema ni dharura. Dharura ni mtu kuogopa kufa kwa njaa. Mezani kuna mkate na viazi, jikoni kuna samaki na mayai, dharura iko wapi?

Na wapo watakaosema kwamba Mwislamu asikanyage kabisa mahali kama hapo. Hao tunawaheshimu, kwani wana hoja. Katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuna katazo la kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, na lau wenyeji wetu wangeagiza mvinyo tungeomba radhi na kuondoka. Lakini ukimwambia kijana anayeishi Chicago "usiende" bila kumpa njia nyingine, atakwenda kwa siri, atakula chochote, na hatakuuliza. Bora tumfundishe kusema mapema. Chicago ina mtaa wa Devon Avenue wenye mikahawa mingi ya halali ya Wapakistani na Wahindi. Tungewaambia wazee wale siku moja kabla, wangetupeleka huko kwa furaha. Hilo nalo ni kosa letu.

Wala msidhani kwamba ni Waislamu tu wanaobishana na menyu ya Kifaransa. Mwaka 2006 baraza la jiji la Chicago lilipiga marufuku mikahawa kuuza foie gras, yaani maini ya bata au bata bukini walionenepeshwa kwa kulishwa kwa nguvu, kwa sababu ya kuwahurumia ndege hao. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2008. Ikiwa jiji zima liliweza kujadili kwa sheria sahani moja ya bistro kwa ajili ya dhamiri, mtoto wetu anaogopa nini kuuliza swali moja?

Basi tunawaomba wazazi na walimu wenzetu tuwafundishe watoto haya:

1. Kumwambia anayekualika mapema, siku moja au mbili kabla, unachokula na usichokula. Mwenyeji mwema anapenda kujua.

2. Kuuliza namna kilivyopikwa, usitosheke na jina la mnyama. Je, kuna mvinyo? Kuna nguruwe? Viazi vimekaangwa kwa mafuta gani, na mafuta hayo yamekaangia nini kingine? Kitinda mlo je, kimetiwa pombe? Ama nyama ya kuchinjwa na Watu wa Kitabu, wanachuoni wana maelezo yao, waulizeni masheikh wenu. Sisi tulichukua tahadhari.

3. Kushika adabu. Usikunje uso, usiwahubirie wenye meza yao. Sema "naomba", sema "ahsante". Na kula kwa mkono wa kulia kunawezekana hata kwa uma. Wamarekani wengi wakishamaliza kukata nyama huweka kisu chini na kuhamishia uma mkono wa kulia. Jambo hilo lilitupendeza.

4. Kutomdhulumu mhudumu. Sheria ya taifa la Marekani tangu mwaka 1991 inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, akitegemewa kujaliziwa na wateja, ingawa miji na majimbo mengi, Chicago ikiwemo, yameweka kiwango cha juu zaidi. Kwa hiyo bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 huko ndiyo kama ujira wake. Ukimsumbua kwa maswali kisha usimpe kitu, umeitia aibu dini yako.

Mhudumu wetu alirudi na habari njema. Mpishi alikuwa tayari kutupikia samaki kwenye kikaango safi, kwa siagi, ndimu na chumvi, bila mvinyo na bila lozi. Wote mezani wakaagiza samaki huyo huyo, na sisi tukakumbuka mukeke wetu wa Ziwa Tanganyika. Tulikula, tukashukuru, tukarudi kwa dada kuwahi Magharibi.

Njiani mpwa wetu alituuliza kama ana dhambi kwa yote aliyokula miaka iliyopita. Tukamwambia kwamba asiyejua halaumiwi kama anayejua, na kwamba Mola wetu ni Mwingi wa kusamehe. Lakini sasa amejua. Na sisi walimu wake tumejua pia, nasi tuna la kujibu zaidi kuliko yeye.

Jumamosi iliyofuata tulianza kulisomesha somo hili darasani. Tunawaleta watoto wawili wawili mbele, mmoja mhudumu, mwingine mgeni. Mwanzoni wanacheka, sauti hazitoki. Baada ya wiki tatu zikaanza kutoka.

Tunamuomba Allah awalinde watoto wetu popote walipo, na azipe ndimi zao ujasiri pamoja na adabu. Amin.