Meza ya Nairobi imebaki na kiti kimoja

JICHO LA JIRANI
Na Musili Katua

Mtaa wa Umoja ulijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Wamarekani, uwe makao ya watu wa kipato cha chini na cha kati waliokuwa wakimiminika Nairobi. Wapangaji wa kwanza walipokuwa wakipewa funguo zao, umoja mwingine mkubwa zaidi ulikuwa unabomoka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na ndege, mabehewa na meli zilizokuwa za wote zikagombaniwa kama vyombo vya nyumba iliyoingia talaka. Mpaka ule haukufunguliwa hadi 1983. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, na leo, ukishuka soko la Mutindwa, unaiona juu ya meza za wachuuzi bila kusoma mkataba wowote: vitunguu vya Tanzania, mayai ya Uganda, vitenge vinavyouzwa na watu waliokimbia vita vya Kongo. Kwa wakazi wa Eastlands sera ya kigeni haiishi kwenye makabrasha ya wizara. Inakaa sokoni, na ikiharibika huonekana sokoni.

Katika ploti yoyote ya Innercore, hapa Umoja, yupo keateka, yaani msimamizi wa nyumba. Maji ya mfereji yakija baada ya siku kadhaa za ukame, wapangaji hugombania nani ajaze mitungi kwanza, na keateka ndiye anayeamua. Husikilizwa kwa sababu moja tu, kwamba hana upande. Siku atakapompa mpangaji mmoja ufunguo wa tangi, kisha amwachie ua aitishe mkutano wa kumng'oa mwenzake, hatakuwa msuluhishi tena hata akiendelea kujiita hivyo. Hoja yangu wiki hii ni kwamba kati ya Desemba 2023 na Februari 2025 serikali ya Kenya ilitoa ufunguo wa tangi mara mbili, na kwamba hasara yake ni kubwa kuliko wakuu wetu wanavyokiri.

Mara ya kwanza ilikuwa Kongo. Nairobi ndiyo iliyokuwa imebeba mazungumzo ya serikali ya Kinshasa na makundi ya waasi wa mashariki tangu Aprili 2022, yakisimamiwa na Rais mstaafu Uhuru Kenyatta. Wanajeshi wetu walikwenda Goma Novemba mwaka huo chini ya bendera ya Jumuiya. Kisha, tarehe 15 Desemba 2023, Corneille Nangaa, aliyekuwa mkuu wa tume ya uchaguzi ya Kongo, akasimama katika hoteli moja ya Nairobi na kuzindua muungano wa AFC, akiwa na viongozi wa waasi wa M23. Kinshasa ikamwita balozi wake nyumbani na kutaka Nangaa akamatwe. Rais William Ruto akajibu kwamba Kenya ni nchi ya demokrasia na haikamati watu kwa sababu ya kutoa taarifa. Tuseme haki: Kinshasa ilikuwa imeshachukia kabla ya hapo. Ilitaka wanajeshi wa Jumuiya wapigane na M23, wao wakasema kazi yao ni kusimama katikati, na mapema mwezi huohuo wa Desemba walikuwa wameanza kufungasha virago. Lakini ndiyo sababu zaidi ya kuwa mwangalifu. Mtu anayekushuku humwonyeshi adui wake mkubwa akiwa sebuleni mwako.

Malipo yalikuja Januari 2025. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, Ruto, akiwa mwenyekiti wa Jumuiya, aliitisha kikao cha dharura cha marais tarehe 29. Félix Tshisekedi, ambaye nchi yake ndiyo iliyokuwa ikiungua, hakuhudhuria. Tangu hapo meza imehama. Kongo na Rwanda zilitia saini Washington tarehe 27 Juni 2025, na Kinshasa na M23 wakaweka saini zao Doha tarehe 19 Julai. Yawezekana Qatar na Marekani wangeichukua kazi hiyo hata kama hoteli ile isingefungua mlango; wana fedha, wana nguvu, na madini ya Kongo yanawaita. Ila rais anayekataa hata kufungua simu kwa kikao cha mtandaoni anakueleza jambo ambalo fedha za Qatar pekee haziwezi kulieleza.

Mara ya pili ilikuwa Sudan, na safari hii hatukuwa na hoteli ya mtu binafsi ya kujificha nyuma yake. Jumba la mikutano la KICC ni mali ya umma. Tarehe 18 Februari 2025 kikosi cha RSF, kinachopigana na jeshi la Sudan, na washirika wake walifungua mkutano katika jumba hilo, na siku chache baadaye wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao ndani ya Sudan, sambamba na ile ya jeshi. Ilikuwa haijatimia miezi miwili tangu Marekani itangaze kwamba RSF na washirika wake wametenda mauaji ya halaiki huko Darfur. Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi, aliyeshika pia wizara ya mambo ya nje, alieleza kwamba Kenya inatoa tu uwanja usioegemea upande. Khartoum, ambayo tangu 2023 ilikuwa imekataa Ruto aongoze upatanishi wa jumuiya ya kikanda ya IGAD kwa madai kwamba anaegemea upande wa pili, ilimwita balozi wake nyumbani. Mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya, chai ikiwa ya kwanza. Shehena zilizokuwa njiani zikakwama. Sudan ilikuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa wa majani yetu, na hapa Umoja hakuna haja ya kumweleza mtu bonasi ya chai ni nini: karo ya mtoto wa ghorofa ya nne hutoka kwa babu yake wa Nyamira au Murang'a, aliyechuma majani mwaka mzima. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, ila safari hii waliochuma janga walikuwa KICC na waliolila walikuwa mashambani.

Anayedhani haya ni mambo madogo yatakayosahaulika na awatazame majirani wa Asia Kusini, ambao wamelipitia darasa hili kwa damu. Miaka ya 1980 India ilikuwa mkubwa wa kijiji kama tunavyojiona sisi. Baada ya ghasia za 1983 dhidi ya Watamili wa Sri Lanka, iliwapokea wapiganaji wao katika jimbo la Tamil Nadu, ikawafundisha na kuwapa silaha. Wakati huohuo ikajitwika upatanishi, na mwaka 1985 ikazileta pande zote Thimphu, Bhutan, kwa mazungumzo yasiyozaa kitu. Tarehe 29 Julai 1987 Waziri Mkuu Rajiv Gandhi alitia saini mkataba na Rais Jayewardene mjini Colombo. Kesho yake, akikagua gwaride la heshima, baharia wa Sri Lanka alimpiga kwa kitako cha bunduki. Wanajeshi wa India waliopelekwa kulinda amani walijikuta wakipigana na walewale Tamil Tigers ambao Delhi ilikuwa imewalea, na waliporudi nyumbani Machi 1990 walikuwa wamepoteza askari wapatao 1,200. Mei 1991 mshambuliaji wa Tigers alijilipua karibu na Rajiv Gandhi katika mkutano wa kampeni na kumwua. Serikali ya Colombo haikuiamini India, na waasi hawakuiamini pia. Mpatanishi alirudi mikono mitupu kutoka pande zote mbili, na mmoja wa viongozi wake hakurudi kabisa.

Pakistan nayo iliwahifadhi wakuu wa Taliban wa Afghanistan kwa miaka mingi, huku ikijitambulisha kwa dunia kama mshirika wa amani. Taliban walipoingia Kabul Agosti 2021, wapo waliosherehekea Islamabad. Oktoba 2025 majirani hao wawili walikuwa wakipigana risasi mpakani, kivuko cha Torkham kikafungwa, malori ya matunda yakaozea foleni, na usitishaji wa vita ukatafutwa wapi? Doha. Na jumuiya yao ya ushirikiano, SAARC, yenye wanachama wanane kama yetu, haijawa na mkutano wa wakuu wa nchi tangu ule wa Kathmandu mwaka 2014. Ule wa 2016 uliokuwa ufanyike Islamabad ulivunjika baada ya shambulio la Uri huko Kashmir, India ikiishutumu Pakistan kwa kuwalea washambuliaji. Jumuiya haikuvunjwa kwa tangazo kama yetu ya 1977. Ipo, ina makao, ina katibu mkuu, ila wakuu wake hawaketi pamoja. Mimi naona hicho kifo ni kibaya zaidi, kwa sababu hakuna anayekiomboleza.

Upo utetezi wa aina tatu kutoka upande wa pili, na si wa kupuuzwa. Wa kwanza ni ule wa Rais mwenyewe: nchi huru haimzibi mgeni mdomo. Ningeukubali mara moja kama ungetumika kwa wote. Novemba 2024 Kizza Besigye alikuja Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, akatekwa, na siku nne baadaye akaibuka mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Mwezi mmoja kabla ya hapo, wizara ya mambo ya nje ilithibitisha kwamba wakimbizi wanne wa Uturuki wamerudishwa kwao. Basi mwanasiasa asiye na bunduki hakuwa salama katika mji uleule ambao wenye bunduki walifunguliwa ukumbi wa taifa. Uhuru wa namna hiyo una mlinzi mlangoni, na tuna haki ya kuuliza anafuata orodha ya nani.

Wa pili ni mzito zaidi. Hakuna amani inayopatikana bila kuzungumza na waasi, na Kenya hiihii iliwahifadhi viongozi wa SPLM, waasi wa kusini mwa Sudan, kwa miaka, hadi Sudan Kusini ikapatikana. Kweli kabisa. Lakini tazama jinsi ilivyofanyika. Jenerali Lazaro Sumbeiywo alikuwa na idhini ya IGAD, na Khartoum yenyewe ilikuwa imeikubali. Itifaki ya Machakos ya Julai 2002 ilikuwa na saini za pande mbili. Naivasha, John Garang wa SPLM alikuwa na Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, mbele yake. Mkataba wa tarehe 9 Januari 2005 ulitiwa saini Nairobi hadharani, wote wakiwepo. Kuzungumza na muasi akiwa na mpinzani wake mezani ndiyo kazi ya mpatanishi. Kumpa muasi jukwaa peke yake atangaze serikali ni kazi nyingine, nayo ina jina jingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sifa za Naivasha zimetulevya kiasi cha kudhani kwamba jina la Nairobi litauzika hata likichujwa.

Wa tatu utaletwa na wasomaji wenye kumbukumbu ndefu: je, Mwalimu Nyerere hakuwahifadhi wapigania uhuru wa nusu ya bara? Je, hakumpokea Milton Obote mwaka 1971 na kuishia kumwangusha Idi Amin mwaka 1979? Naam, na India nayo iliipa hifadhi serikali ya Bangladesh uhamishoni kule Calcutta mwaka 1971, nchi ikazaliwa. Wakati mwingine jirani mwema hulazimika kuchagua upande. Ila Nyerere alichagua mchana kweupe. Kamati ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam mwaka 1963 na nchi zote za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na kuhusu Amin Tanzania haikudai hata siku moja kwamba ni refa. Gharama aliijua na aliilipa: wapiganaji wa Obote walipovuka kuingia Uganda mwaka 1972 na kushindwa, ndege za Amin ziliipiga Bukoba. Kama serikali yetu inaamini RSF ndiyo yenye haki, na iseme hivyo Bungeni, itoe sababu zake, nasi tuzipime. Isichoweza ni kuvaa kofia ya refa huku ikifunga goli. Hata Bangladesh haijamalizana na India: tangu Agosti 2024 Sheikh Hasina anaishi huko, Dhaka inamdai, na jirani aliyesaidia kuizaa nchi hiyo sasa anatazamwa kwa jicho la kando na vijana wake.

Kurekebisha hili hakuhitaji mkutano mkubwa wala wataalamu wa kukodishwa. Kundi lolote lenye silaha linalotaka kutumia ardhi ya Kenya kutangaza jambo la kisiasa, wizara ipeleke kwanza nyaraka mbili mbele ya Kamati ya Bunge kuhusu Ulinzi, Ujasusi na Uhusiano wa Kigeni: idhini ya IGAD au ya Jumuiya, na barua ya mwaliko kwa upande unaopigana na kundi hilo. Upande huo ukikataa kuja, kukataa kwake kuwe kwenye rekodi, Wakenya wajue. Nyaraka hizo mbili tu zingezuia yaliyotokea Desemba 2023 na Februari 2025. Wizara itasema diplomasia hufanywa faraghani, na mara nyingi ni kweli, lakini KICC siku ile hapakuwa na faragha yoyote, kulikuwa na kamera na nyimbo.

Kwa sasa, mama wa Goma anayeuza vitenge Mutindwa na kutaka kujua kama mwaka huu atarudi kwao hufuata habari za Doha kwenye simu yake. Za KICC hazimhusu tena, ingawa liko nauli moja tu ya matatu kutoka alipoketi.