Askari Aulizaye Cheti

Leo tumtazame askari mmoja aliyemo damuni mwetu, ambaye kazi yake yafanana kidogo na ya karani wa parokia: kuuliza cheti.

Kati ya chembe nyeupe za damu liko kundi liitwalo limfosaiti. Humo, katika kila 100, kama 5 hadi 15 ni wauaji wa asili. Walipewa jina hilo mwaka 1975 huko Stockholm, Uswidi, na Rolf Kiessling na wenzake, kwa sababu wako tayari kuua bila kufundishwa kwanza.

Je, humjuaje adui? Karibu kila chembe ya mwili hubeba juu ya ngozi yake protini fulani, iliyo kama cheti cha kusema, "Mimi ni wa humu." Askari wengine, chembe T, hukisoma cheti hicho, wakikuta juu yake kipande cha virusi, huishambulia chembe ile. Lakini virusi vina hila. Vingine huilazimisha chembe kuficha vyeti vyake, na chembe nyingi za kansa hufanya vivyo hivyo. Chembe T hupita zisione neno. Hapo ndipo muuaji wa asili atokeapo. Yeye hajali kilichoandikwa; auliza tu, "Cheti kiko wapi?" Mswidi Klaus Kärre ndiye aliyeeleza jambo hili katika miaka ya 1980, na kwa maoni yangu aliwaza vizuri mno: wenzake walitafuta alama ya adui, yeye akatafuta kilichokosekana.

Hata hivyo, kukosa cheti peke yake hakutoshi. Chembe nyekundu za damu karibu hazina, wala haziuawi. Chembe iliyo taabuni hutokeza alama za taabu. Askari hupima za kuua na za kuzuia, ndipo aamue.

Akiisha kuamua, huigandamia chembe ile na kuimwagia vitu viwili: perforini, itoboayo matundu, na granzimu, zipitazo humo na kuiamuru ijiue. Hukatika vipande kimya kimya, navyo humezwa na chembe nyingine. Muuaji huiacha, akaenda kutafuta ya pili.

Mwaka 1989 madaktari wa Marekani waliandika habari za msichana asiye na askari hawa kabisa. Alipokuwa na miaka 13 tetekuwanga, ambayo watoto wetu wengi huugua na kupona kwa juma moja au mawili, nusura imwue. Baadaye akashikwa na virusi vingine vya ukoo ule ule.