Kioo cha Pikipiki na Amana ya Macho



Wiki hii tumeona tuyaweke kando kidogo mas'ala ya ndoa na malezi tuliyokuwa tukiyaendeleza, tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda wengine wakakiona ni kidogo mno kuzungumzwa na sheikh. Nacho ni kioo cha mbele cha pikipiki, kile ambacho vijana wa bodaboda hukinunua dukani na kukifunga mbele ya usukani ili kiwakinge na upepo na vumbi.

Sababu yenyewe ni hii. Juma lililopita, baada ya sala ya magharibi, alitujia mama mmoja hapa Waberi, mjini Garissa, muuza maziwa ya ngamia. Zamu yake ya ayuto ilikuwa imefika, naye alikuwa na fedha mkononi, na fedha ya namna hiyo haikai. Mwanawe ni mwendeshaji wa bodaboda. Alfajiri humletea mamake madumu ya maziwa, kisha huingia stejini kubeba abiria mpaka baada ya isha. Kwa miezi kadhaa macho ya kijana yamekuwa mekundu, na asubuhi huamka yameshikana.

"Maalim," akatwambia, "mtoto ameniomba nimnunulie kioo kile kirefu cheusi, kama walivyo nacho wenzake. Nimnunulie, ama nitakuwa nimenunua urembo?"

Tulimwomba atupe siku mbili. Hatukufanya hivyo kwa kutaka kujikweza. Sisi wenyewe tuna kisa na kioo cha namna hiyo, na tulitaka kumjibu kwa haki.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na pikipiki tuliyoitumia kwenda kusomesha madrasa mbili kwa siku moja. Tulifunga kioo kirefu, cheusi kidogo, kilichotufika juu ya macho. Mchana tulikifurahia sana. Upepo wa moto haukutupiga usoni, na kilemba chetu kilitulia kichwani. Baada ya miezi michache kikawa kimejaa mikwaruzo midogo midogo, kwa sababu tulikuwa tukikifuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Usiku mmoja tulikuwa tunarudi nyumbani, na mbele yetu linakuja lori limewasha taa zote. Mwanga ule ulipogusa mikwaruzo, kioo kizima kiligeuka kuwa ukungu mweupe. Lori lilipopita, tulimwona ngamia amesimama katikati ya barabara, hatua chache tu mbele yetu. Ngamia ni mrefu wa miguu, na taa ya pikipiki humpita chini ya tumbo. Mwenyezi Mungu alituokoa, tukaangukia mchangani pembeni na kutoka na jeraha la goti. Siku ya pili tulikifungua kioo kile kwa mikono yetu.

Kwa hiyo jawabu tulilompa mama yule halikuwa "nunua" wala "usinunue". Tulimwambia kwamba kioo chaweza kuwa kinga na chaweza kuwa pazia, na linalopambanua baina ya mawili hayo ni namna kinavyochaguliwa, kinavyofungwa na kinavyotunzwa. Nasi twayaeleza mambo hayo hapa kwa sababu tunajua kwamba katika nyumba nyingi fedha ya kitu kama hiki hutoka kwa mama, kwa mke au kwa dada.

Jambo la kwanza ni urefu. Wengi hudhani kwamba kioo kizuri ni kile kinachofunika uso wote. Sivyo. Mwendeshaji yafaa aangalie barabara kwa juu ya kioo, asiiangalie kupitia ndani yake. Ukingo wa juu ukifika baina ya kidevu na pua yake akiwa amekaa kama anavyokaa safarini, upepo huinuliwa ukapita juu ya kichwa au ukagusa helmeti tu, na macho yakabaki huru. Mvua ikinyesha, au vumbi likigandamana, au kioo kikikwaruzika, bado njia huonekana. Ukingo ukikaa sawasawa na macho ndiyo balaa, kwani mstari ule hukata barabara vipande viwili.

Njia ya kupima haina gharama. Kata kadibodi ya boksi kwa umbo la kioo unachokikusudia, ifunge kwa kamba mahali pake pikipiki ikiwa imesimama, mwendeshaji akae, na mtu mwengine atazame kwa ubavuni. Kadibodi hupunguzwa kwa makasi; kioo kilichokwisha nunuliwa si rahisi kukipunguza. Na kama pikipiki ina waendeshaji wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, pima kwa yule mfupi. Akiona yeye kwa juu, na mrefu ataona.

Jambo la pili ni upana. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, nguvu ya upepo huzidi mara nne. Kioo kipana kilichofungwa kwenye usukani ni kama tanga, na watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa tanga hufanya nini. Upepo wa ubavuni ukilipiga, au lori kubwa likipita kwa kasi katika barabara ya wazi ya kwendea Dadaab, usukani huvutwa. Wale wanaofunga kioo kipana na juu yake wakaongeza mwavuli au turubai la kivuli wamejitwika matanga mawili juu ya chombo kisicho na mkuku. Kwa kazi za mjini kioo cha wastani chatosha.

Jambo la tatu ni kitu chenyewe kilichotengenezewa. Tunaita kioo kwa mazoea tu, kwa maana aghalabu ni plastiki. Ziko mbili mashuhuri. Moja ni akriliki, nayo ni angavu na haikwaruziki upesi, lakini ikipigwa kwa nguvu huvunjika vipande vyenye makali. Ya pili ni polikaboneti, ambayo hustahimili pigo na hupinda kabla ya kuvunjika, na ndiyo hutumika hata katika vioo vya helmeti nyingi. Udhaifu wake ni kwamba hukwaruzika kwa wepesi isipokuwa iwe imepakwa tabaka la kuilinda, na petroli huiharibu. Kwa mtu anayeendesha kutwa penye mawe na changarawe, sisi twaona ile inayostahimili pigo ni bora. Muulize muuzaji ni ipi. Asipojua, tazama unene, na usinunue kilicho chembamba kama mfuniko wa kopo.

Ukiwa bado dukani, kishike kwa mkono ulionyooka, utazame kupitia kwacho fremu ya mlango au mnara wa msikiti. Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, kirudishe mahali pake. Na rangi iwe nyeupe isiyo na giza. Kioo cheusi hupendeza saa sita za mchana, lakini kijana wetu huyu hutoka alfajiri na hurejea baada ya isha, na giza juu ya giza halina faida.

Jambo la nne ni kufunga. Mpelekee fundi anayeaminika, na kabla ya kumlipa zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto. Kioo kisiguse tangi, kisivute waya wa klachi wala mpira wa breki, na mkono wa mafuta ukiuachia urudi wenyewe. Taa kubwa isifunikwe hata kidogo. Bolti zisikaze chuma juu ya plastiki, bali ziwekewe washa za mpira, na tundu liwe pana kidogo kuliko bolti, maana plastiki hutanuka kwa joto, na joto la Garissa halihitaji maelezo. Tundu likibana, ufa huanzia hapo. Kila Ijumaa, kabla ya kuoga kwa ajili ya sala, kijana na azitazame nati zake, kwani mtikisiko huzilegeza.

Jambo la tano ni utunzaji, na hapa akina mama wana elimu kuliko mafundi. Vumbi la Waberi ni mchanga, na mchanga juu ya plastiki ni msasa. Usikifute kikavu kama tulivyofanya sisi. Kwanza mwaga maji mengi yauondoe mchanga, kisha tumia sabuni laini na kitambaa cha pamba. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi haina mfano. Petroli, mafuta ya taa na gazeti visikiguse. Kikijaa mikwaruzo hata taa za usiku zikaleta ukungu, muda wake umekwisha.

Baada ya hayo yote, tulimweleza mama yule neno ambalo lilikuwa zito kwetu kulisema, kwa sababu tulijua fedha yake haitoshi kwa kila kitu. Tulimwambia kwamba kioo si cha kwanza. Cha kwanza ni macho yenyewe kuonekana hospitali, kwani macho yaliyokuwa mekundu kwa miezi si ya kutibiwa kwa kununua plastiki. Cha pili ni helmeti nzima, yenye kioo chake safi cha kushuka usoni. Hiyo humlinda macho kwa karibu zaidi kuliko kioo chochote cha mbele, na humlinda kichwa, jambo ambalo kioo cha mbele hakiwezi kabisa. Sheria ya Trafiki ya Kenya nayo imewataka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria asizidi mmoja. Kikibaki kitu baada ya hapo, ndipo kinunuliwe kioo kifupi, cheupe na imara.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na yule mjukuu wangu je? Huyu babake humpakia mbele, juu ya tangi, kumpeleka duksi. Nilidhani kile kioo kirefu kitamkinga."

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba swali lake la kweli lilikuwa hili tangu mwanzo. Wasomaji wetu, mandhari haya twayaona kila asubuhi: mtoto mdogo amekaa juu ya tangi, mikono yake iko kwenye usukani, na mzazi ameridhika kwa kuwa mbele yake kuna kioo. Pikipiki ikisimama ghafula kwa sababu ya mbuzi, mtoto huyo hana cha kumzuia. Uso wake hugonga usukani na kioo kile kile tulichodhani ni ngao, na mwili wa mtu mzima humjia kwa nyuma. Kioo hupunguza upepo. Hakizuii mwili. Kumtia mzazi moyo wa kumpakia mtoto mahali pale ndiyo madhara yake makubwa kuliko yote tuliyoyataja.

Na ninyi akina mama mnaopanda nyuma, kioo cha mbele hakiwalindi na hatari yenu kubwa, nayo ni nguo. Jilbabu, dira na mtandio vikiachiwa vipepee huingia katika mnyororo au njiti za gurudumu, na humvuta mvaaji chini. Kusanyeni nguo, mziweke chini ya mapaja kabla pikipiki haijaondoka. Stara haipungui kwa kukusanywa.

Katika Sura An-Nahl, Mola wetu ametukumbusha neema ya farasi, nyumbu na punda tuwapande na wawe pambo, na kwamba Yeye huumba tusivyovijua. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameviingiza vyombo vyetu vya leo katika maana ya mwisho huo. Basi kuipamba pikipiki si dhambi. Lakini yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga kwa kumtegemea Mungu, aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kusoma dua ya kupanda chombo ni kutegemea. Kuvaa helmeti, kupima kioo kwa kadibodi na kumkataza mtoto kukaa juu ya tangi ndiko kufunga kamba.

Jana mama yule alipita msikitini. Kijana amepelekwa hospitali na amepewa dawa. Helmeti imenunuliwa. Kioo bado, na kijana, twaambiwa, amenuna, kwa maana wenzake stejini wana virefu vyeusi naye hana. Mjukuu sasa hwenda duksi kwa miguu, ameshikwa mkono na nyanyake, na wote wawili hufika wamechelewa kidogo. Tumemwambia mwalimu wa duksi asiwakaripie.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walioko njiani, na awarudishe kwa mama zao salama. Wabillahi tawfiq.