Mmea Uchanuao Mara Moja Tu

Mkonge mnaufahamu, ule utupao nyuzi za kamba. Leo tuutazame ndugu yake wa jangwani, uitwao kwa jina la kitaalamu Agave deserti. Huota katika majangwa ya California na Arizona, nchini Marekani, na ya Meksiko iliyo jirani.

Majani yake ni manene, ya rangi ya kijivu, yenye miiba pembeni. Mchana hufunga vitundu vyake vidogo, maji yasipotee. Usiku huvifungua, yapate kuvuta hewa. Hivyo mmea huishi kwa mvua chache, ukiweka akiba ya sukari shinani.

Miaka 20 au zaidi hupita. Ndipo mlingoti huinuka, meta 2 hata 6, wenye maua ya manjano. Akiba yote huishia humo. Mbegu zikiisha kukomaa, mmea hufa.

Wenyeji wa California waitwao Cahuilla waliijua siri hiyo. Waliukata mmea kabla mlingoti haujarefuka, wakaoka shina lake shimoni, likawa chakula kitamu. Aliyechelewa alikuta utamu umekwenda mauani. Lakini mmea uliokatwa hautoi mbegu: kwa hiyo mvunaji mwenye busara huacha mingine ichanue.