Ardhi Iliyo Chini ya Stesheni

Mengi yamesemwa kwa kuisifu stesheni mpya ya Dar es Salaam, ile iliyopewa jina la marehemu Rais John Magufuli: umeme wa treni zake, vioo vyake vilivyopangwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti, na mwendo uwezao kufika kilomita 160 kwa saa, lakini jambo ambalo kwa rai yangu lilistahiki sifa kabla ya hayo yote, nalo aghalabu hupitwa kimya, ni kwamba stesheni hiyo ilijengwa juu. Abiria hupanda ghorofani ndipo aifikie treni, na treni nayo ikishaondoka hupita juu ya nguzo za zege kwa zaidi ya kilomita 2, ikiuvuka mji bila kumsimamisha mtu aendaye sokoni, wala gari la wagonjwa, wala msukuma mkokoteni.

Thamani ya uamuzi huo haidhihiriki mpaka mtu autazame uamuzi wa kinyume chake. Jirani zetu wa Kenya, katika reli yao ya kisasa iliyozinduliwa 2017, waliziweka stesheni zao kubwa pembezoni, Miritini kwa upande wa Mombasa na Syokimau kwa upande wa Nairobi, na kwa hiyo msafiri aliyekwisha kukata kilomita zipatazo 470 kwa raha mustarehe, akiwasili hulazimika kuanza safari ya pili, ya matatu au ya treni nyingine, kabla hajaufikia mji aliolipia nauli ya kuufikia. Nasi wa Kisaki, mkoani Morogoro, twaijua safari hiyo ya pili tangu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ianze kutuchukua katika miaka ya sabini. Maana treni yetu hutushusha kwenye jengo kubwa lenye hadhi, karibu na makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela, na kutoka hapo hadi Kariakoo, aliko mnunuzi wa ufuta, kuna foleni ambayo hakuna ratiba iwezayo kuikadiria. Serikali ilipoazimia kuipunguza foleni hiyo, kilichoinuliwa pale kilikuwa ni motokaa: daraja la Mfugale, lililofunguliwa 2018, likayapandisha magari juu, na stesheni ikabaki mbali na mji vile vile.

Ama reli ya kati ya zamani, yenye upana wa mita 1, hiyo imefika mjini tangu zamani, lakini imefika kwa kutambaa. Tangu 2012, ilipoanza treni ya abiria wa mjini ambayo watu wenyewe waliibatiza treni ya Mwakyembe, kila makutano ya reli na barabara yamekuwa mahali pa kungojeana: daladala husimama, bajaji hupenyeza pua zao mpaka kwenye kizuizi, wauza maji hupita kati ya magari wakigonga chupa zao, na mabehewa yakishapita kila dereva hutaka kuwa wa kwanza, hata ikawa shida kumwona aliye wa pili.

Wala si kwamba maarifa ya kuinua reli hayakuwapo. Wajerumani walioanza kuijenga reli hiyo kutoka bandari ya Dar es Salaam 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, walikuwa na reli kwao Berlin tangu 1882 ipitayo katikati ya mji juu ya matao 731 ya matofali, nazo stesheni zake zi juu ya mitaa. Lakini huku kwetu, ambako ardhi waliitwaa kwa amri na mji wakauchora wapendavyo, hawakuona sababu ya kutumia fedha kukipandisha juu kitu ambacho chini hakikuwa na wa kukipinga. Reli ikalazwa, mji ukakua ukaizunguka, na gharama ya kuinua ikaja kulipwa na watu wa zama nyingine kabisa: jiwe la msingi la reli ya kisasa likawekwa Pugu mwezi wa Aprili 2017, na abiria wa kwanza wakaondoka kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024.

Nimesema kwamba kujengwa juu ni jambo la kusifiwa, na sitarudi nyuma. Ila sifa hiyo nayo ina sharti lake. Mjini, ardhi ndiyo mali iliyo nadra kuliko zote, na atakayeinua reli kwa gharama kubwa kisha akaizungushia uzio ardhi aliyoiokoa, ikawa makao ya majani na mabaki ya zege, huyo amelipa bei ya kitu asikichukue. Reli ya London na Greenwich, iliyofika stesheni ya London Bridge 1836 juu ya matao 878, ilijengwa na watu wa biashara ambao hawakukubali nafasi ilale bure, na matao yale yamepangishwa kwa vizazi na vizazi, leo kwa fundi, kesho kwa mwenye ghala, keshokutwa kwa mwoka mikate. Berlin kadhalika, chini ya treni mna migahawa na maduka, na mtu aliyeketi akinywa kahawa husikia behewa likinguruma kichwani pake wala asiangalie juu. Mjini Dar es Salaam, ambamo machinga huhamishwa mwaka baada ya mwaka kutoka kando ya barabara hii hadi ile, kwa hoja kwamba nafasi haitoshi, kivuli cha urefu wa kilomita 2 katikati ya mji ni neema ambayo haifai kukaa bila mpango. Na mpango wenyewe uandikwe, uwe na vipimo vya vibanda, maji, vyoo, na umbali wa kutosha kutoka kwenye nguzo ili mkaguzi wa reli apite, kusudi asije mkubwa mwingine akawafukuza kwa kisingizio cha usalama.

Pengine msomaji atauliza mtu wa Kisaki anatafuta nini katika mambo ya stesheni ya Dar es Salaam. Nitamjibu kwamba nchi yetu hii ya Wakutu ilikuwa na stesheni kabla ya reli. Si mbali na hapa palikuwa na Zungomero, ambapo misafara ya pwani ilitua kabla ya kuikabili milima, na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipopita hapo 1857 walikuta mahali ambapo wapagazi, wafanyabiashara na wenyeji wenye nafaka walikutana uso kwa uso. Ikaondoka misafara; yakaja majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, yaliyopigana hapa Kisaki mwezi wa Septemba 1916; kisha ikaja TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Na hata leo treni ikisimama hapa, mwanamke mwenye beseni la ndizi kichwani hulishusha, hulipandisha kwa mikono miwili hadi usawa wa dirisha, ananadi bei huku akiangalia taa ya ishara kwa jicho moja, na chenji hurushwa wakati magurudumu yameanza kuzunguka. Jukwaa, soko na baraza, vyote viko usawa mmoja wa ardhi.

Stesheni ya juu haiwezi kuwa hivyo, na sitaki iwe hivyo; palipo na nyaya za umeme na treni za mwendo wa kasi, mizigo sharti ikaguliwe na tiketi zionyeshwe. Lakini mwenye kuipanga amekwisha kuwatenga watu wa aina mbili, anayesafiri na anayemuuzia, na ni wajibu wake kuwakutanisha tena mahali pengine, napo ni chini, penye mlango, kabla ya ngazi. Naye atakayepanga ngazi amkumbuke bibi mwenye gunia la mchele wa Kisaki na jogoo aliyefungwa miguu, ambaye ngazi za umeme kwake ni jambo la hofu: lifti iwe karibu na mlango, wala isifichwe nyuma ya duka la vinywaji.

Nayaandika haya sasa kwa kuwa TAZARA yenyewe imeingia katika ukarabati, kwa mkataba uliotiwa saini 2025 na kampuni ya China, wenye thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4, na bila shaka michoro ya stesheni itapita juu ya meza nyingi. Mawili ningependa yaingie humo. La kwanza, kwa Dar es Salaam: usafiri wa uhakika wa kuiunganisha stesheni ya TAZARA na ile ya Magufuli, hata kama ni mabasi ya mwendokasi yenye njia yao wenyewe, kwa kuwa reli ya upana wa milimita 1,067 na ile ya milimita 1,435 hazitashirikiana behewa, bali abiria wao ni mmoja. La pili, kwa Kisaki na stesheni ndogo mfano wake: paa la kuwakinga wauzaji jua na mvua za masika, jukwaa lililoinuliwa kiasi cha kumwezesha mwenye beseni kulifikia dirisha bila kunyoosha mikono, na uzio, kama ni lazima uwepo, uwe na lango linalofunguliwa treni inapowasili.