Mzee Atetemekaye Ana Haki ya Kutembea

Katika vijiji vyetu vya Bukoba na Muleba wapo wazee ambao mikono yao hutetemeka hata inapotulia, ambao hatua zao zimekuwa fupi, na ambao husimama ghafla mlangoni kana kwamba nyayo zimegandishwa sakafuni. Wengine husema, "Ni uzee tu." Wengine hunong'ona habari za uchawi. Kauli ya kwanza humnyima mzee tiba. Ya pili humnyima heshima, na pengine usalama wake.

Ugonjwa huu una jina. Daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817. Hutokea pale chembe za ubongo zitengenezazo dopamini zinapokufa kidogo kidogo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyeitembelea nchi yetu Septemba 1990, aliubeba hadi kifo chake mwaka 2005. Ikiwa hatukusema kwamba yeye amelogwa, kwa nini tuseme hivyo juu ya jirani yetu?

Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, ulipata wagonjwa 33 kati ya watu zaidi ya 160,000. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wametambuliwa kabla ya hapo. Sioni sababu ya kudhani kwamba wa kwetu wametambuliwa zaidi.

Mtu mzima wa afya hutembea bila kufikiri miguu yake. Mwenye Parkinson hupungukiwa na wepesi huo, akalazimika kuielekeza kila hatua kwa akili. Ukimwuliza bei ya kahawa huku akitembea, akili hugawanyika, hatua hufupika, naye aweza kuanguka. Ndiyo maana mazoezi ya miguu na mazoezi ya akili hayana budi kwenda pamoja.

Jambo hili limejaribiwa katika nchi yetu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya mazoezi yaliyofanywa kaskazini mwa Tanzania na wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa. Walifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo, na baada ya wiki chache walitembea kwa kasi zaidi na kwa hatua ndefu zaidi, hata walipopewa kazi ya pili ya kufanya. Je, si hatari kuunganisha mambo mawili? Utafiti wa Ubelgiji na Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa 121, ulionyesha kwamba mazoezi ya namna hiyo yalisaidia bila kuongeza hatari ya kuanguka.

Basi, Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zaweza kufanya nini? Kijana mmoja na amsindikize mzee penye uwanja tambarare, si kwenye mteremko wala penye utelezi wa mvua. Aanze kwa kupiga makofi au ngoma polepole, mzee akanyage kwa mdundo. Akishazoea, aongeze kazi ya akili: ataje wajukuu kuanzia mdogo hadi mkubwa, au ahesabu kwa kupunguza tatu tatu kutoka mia moja. Sala aijuayo kwa moyo ni mwanzo mwema, lakini haitoshi, kwa kuwa ulimi huitamka bila akili kutaabika. Mzee akianza kuyumba, kazi ya akili ikome kwanza.

Hata hivyo, tusigeuze mazoezi kuwa kisingizio. Ngoma haichukui nafasi ya levodopa, dawa iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kumwambia maskini atembee, huku mwenye fedha akipewa dawa na mazoezi, ni dhuluma iliyovikwa vazi la ushauri. Yatupasa kuomba kwamba Hospitali ya Mkoa mjini Bukoba, pamoja na Rubya, Kagondo na Ndolage kule Muleba, ziwe mahali ambapo mzee huyu anatambuliwa, anapata dawa kwa bei anayoimudu, na anafundishwa mazoezi pamoja na jamaa zake.

Tunadaiwa. UKIMWI ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini mwetu mkoani Kagera, mwaka 1983, na vizazi vya yatima vililelewa na bibi na babu zao. Waliowabeba wajukuu migongoni wakienda kibanjani, leo baadhi yao hawawezi kuvuka kizingiti. Amri ya Nne haitimizwi kwa kuwaletea chakula kitandani peke yake.

Katika Injili, watu wanne walibomoa dari ili mwenzao aliyepooza afikishwe kwa Yesu. Sisi hatuombwi kubomoa dari. Tunaombwa nusu saa ya kutembea na mzee, na sauti ya kumdai dawa yake.